Kitambi, sukari, presha na mifupa ya uzeeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mzee akiambiwa sukari imepanda, presha iko juu na kitambi kimezidi, mazungumzo huelekea kwenye moyo, figo na macho. Mifupa hutajwa siku ambayo tayari imevunjika. Ukurasa huu umeandikwa kwa wazee wenyewe na kwa watoto na wajukuu wanaowapeleka kliniki, ili mifupa iingie kwenye mazungumzo hayo mapema.

Sindromu ya kimetaboliki ni nini?

Ni hali ya mtu mmoja kuwa na kasoro kadhaa zinazopenda kwenda pamoja. Zinaangaliwa tano: mzunguko mkubwa wa kiuno, presha ya 130/85 au zaidi, sukari ya asubuhi kabla ya kula inayofika 5.6 mmol/L (100 mg/dL) au zaidi, mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi kuanzia 1.7 mmol/L (150 mg/dL), na kolesteroli nzuri ya HDL iliyoshuka chini ya 1.0 mmol/L kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Ukiwa na tatu kati ya hizo tano, unayo. Anayetumia dawa ya presha au ya sukari anahesabiwa kuwa na kasoro hiyo hata kama namba zake za leo ni nzuri.

Mwaka 1988 daktari wa Marekani Gerald Reaven alieleza kwamba mzizi wa kasoro hizi kwa sehemu kubwa ni mwili kuacha kuitikia ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kazi ileile ifanyike, na hali hiyo inaweza kwenda miaka mingi kabla ya mtu kuambiwa ana kisukari. Miaka hiyo ya kimya ndiyo inayotuhusu hapa, kwa sababu mfupa nao umo mwilini na unaishi katika damu hiyohiyo.

Kiuno napimaje? Kila mtu ananiambia vyake.

Simama wima, inua nguo, upime juu ya ngozi. Tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho upande wa kiunoni, kisha tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga upande huohuo. Utepe unapita katikati ya alama hizo mbili, na mara nyingi hapo si pale unapofungia mkanda. Pumua kawaida, toa hewa bila kubana tumbo, halafu soma. Utepe uguse ngozi bila kuikaza.

Mipaka inatofautiana kulingana na asili ya watu. Inayotumika sana ni sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake. Miongozo ya Marekani hutumia 102 na 88. Ukiwa kati ya mipaka hiyo miwili usibishane na utepe, nenda kapime sukari, presha na mafuta.

Haya yote yanahusiana vipi na mifupa?

Mfupa ni tishu hai. Kila siku kuna seli zinazokula mfupa wa zamani na seli nyingine zinazojenga mpya mahali pake. Ujanani ujenzi hushinda, na uzito wa mifupa hufikia kilele kabla au karibu na umri wa miaka 30. Baadaye ulaji huanza kuzidi ujenzi taratibu. Sindromu ya kimetaboliki huingilia kazi hii kwa njia zaidi ya moja.

Mafuta yanayojaa tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, hayakai tu. Hutoa kemikali zinazouweka mwili katika hali ya uvimbe wa chinichini usioisha, na kemikali hizo huamsha seli zinazokula mfupa. Ndani ya mfupa wenyewe kuna uboho, na humo mna seli changa zinazoweza kukua kuwa seli za kujenga mfupa au kuwa seli za mafuta. Umri pekee huzisukuma upande wa mafuta, na kisukari huongeza msukumo huo. Uboho hujaa mafuta, wajenzi wakapungua.

Halafu kuna sukari. Ikikaa juu kwa miaka hujishika kwenye kolajeni, ile protini inayoupa mfupa unyumbufu. Nguzo ya zege ina saruji na nondo: madini ya kalsiamu ni saruji, kolajeni ni nondo. Sukari inazifanya nondo kuwa kavu na zenye kukatika, hata kama saruji ni nyingi. Mfupa wa namna hiyo ukipata pigo haupindi kidogo na kurudi, unapasuka.

Vitamini D nayo huingia katika hesabu. Huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo kwa mtu mnene sehemu yake kubwa hubaki kwenye mafuta ya mwili na kiasi kinachozunguka kwenye damu kinakuwa kidogo. Watu wanene mara nyingi wana upungufu wake hata wakipata jua sawa na wengine.

Lakini nimesikia kwamba mtu mnene ana mifupa imara. Ni uongo?

Kuna ukweli ndani yake, na ndio unaowaponza watu. Mfupa hujibu mzigo: ukiubebesha, unajiongezea madini. Tishu za mafuta pia hutengeneza estrojeni (homoni ya kike) kiasi hata baada ya hedhi kukoma, na estrojeni hulinda mifupa. Ndiyo maana watu wengi wenye uzito mkubwa hupimwa wakakutwa na mifupa yenye madini mengi kuliko wembamba wa umri wao. Kuvunjika nyonga pia hutokea kwao mara chache zaidi, kwa sehemu kwa sababu mafuta ya makalioni hupunguza nguvu ya pigo wanapoanguka.

Ila wanavunjika kwingine. Kifundo cha mguu, mifupa ya mguu chini ya goti na mfupa wa juu wa mkono karibu na bega huvunjika zaidi kwa wanene kuliko kwa wembamba. Mwili mzito ukianguka huanguka kwa nguvu, na misuli ya mtu aliyekaa sana haina kasi ya kumdaka.

Ndiyo maana tafiti kuhusu sindromu yenyewe zimetoa majibu yanayogongana. Baadhi hukuta wenye sindromu wana madini mengi ya mfupa, kisha uzito wa mwili ukizingatiwa katika hesabu faida hiyo hupungua, hutoweka au hugeuka kuwa hasara. Kwa maoni yangu jambo la kushika ni hili: uzito huusaidia mfupa kwa mzigo, na mafuta ya tumboni huudhuru kwa kemikali. Wawili wenye kilo sawa, mmoja akiwa na misuli na mwingine kitambi, hawana mifupa sawa.

Mama ana kisukari aina ya 2. Kipimo cha mifupa kilitoka kizuri, miezi michache baadaye akateleza akavunjika mkono. Walikosea kupima?

Huenda hawakukosea. Kipimo kinachotumika, DXA, huhesabu madini yaliyomo kwenye mfupa. Hakioni hali ya kolajeni, wala hakioni vizuri vijitundu vinavyojitokeza ndani ya gamba gumu la mfupa wa mwenye kisukari. Mama yako anaweza kuwa na saruji ya kutosha na nondo zilizochoka.

Majibu ya DXA hutolewa kwa alama ya T, inayomlinganisha mtu na kijana mwenye afya. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1994, kuanzia −1 kwenda juu ni kawaida, kati ya −1 na −2.5 madini yamepungua, na −2.5 kwenda chini ni osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa dhaifu. Kwa mwenye kisukari aina ya 2 mstari huo hautoshi. Wazee wenye kisukari huvunjika wakiwa na alama nzuri zaidi, kwa tofauti ya takriban nusu alama. Mwanamke mwenye kisukari aliye kwenye −2.0 anakaribia hatari ya mwenzake asiye na kisukari aliye kwenye −2.5. Daktari anayesoma jibu lake bila kukumbuka kisukari atamwambia arudi nyumbani asiwe na wasiwasi.

Kuna mtego mwingine. Uti wa mgongo wa mzee mara nyingi una vinundu vya mfupa vinavyotokana na kusagika kwa viungo, na mshipa mkuu wa damu unaopita mbele yake unaweza kuwa umejaa kalsiamu kwenye kuta, jambo la kawaida kwa wenye presha na kisukari cha muda mrefu. Mashine huhesabu vyote hivyo kama mfupa, na namba hupanda bila haki. Muulize daktari namba ya nyonga. Ikiwa nyonga haipimiki vizuri, mkono wa mbele unaweza kupimwa.

Na la muhimu kuliko yote: mtu wa miaka 50 na zaidi akivunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, yaani alikuwa amesimama au anatembea tu, mfupa wake umekwisha kutoa ushahidi. Kuvunjika huko kunapaswa kuchunguzwa kama dalili ya mifupa dhaifu, hata kama DXA inasema vingine. Inaniuma kuona plasta inafunguliwa, mgonjwa anaambiwa amepona, na hakuna aliyeuliza kwa nini mfupa ulivunjika kirahisi vile.

Kile kikokotoo cha hatari kinachoitwa FRAX kinafaa kwa mwenye kisukari?

Kinafaa, kwa tahadhari. FRAX ilitolewa mwaka 2008 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, na hukadiria uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka 10. Fomu yake ya kawaida haiulizi kisukari aina ya 2, hivyo hatari inayotoka ni ndogo kuliko ilivyo. Njia inayotumiwa na madaktari wengi ni kujibu “ndiyo” kwenye swali la ugonjwa wa baridi yabisi ili kufidia pengo hilo. Muulize daktari wako kama amefanya hivyo.

Presha na mafuta ya damu nayo yanaharibu mifupa?

Ushahidi wake si mzito kama wa sukari na kitambi. Presha ya juu huambatana na kupoteza kalsiamu zaidi kwenye mkojo, na chumvi nyingi huongeza upotevu huo. Kwa hiyo kupunguza chumvi hadi chini ya gramu 5 kwa siku, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, kunasaidia mshipa na mfupa kwa pamoja. Kuhusu trigliseridi na HDL, nisingempa mtu hofu ya mifupa kwa namba hizo pekee.

Ni tatizo la wanawake tu?

Hapana. Wanawake hutangulia kwa sababu estrojeni hushuka ghafla hedhi inapokoma, na miaka michache inayofuata ndiyo ya kupoteza mfupa kwa kasi kubwa. Miaka hiyohiyo mafuta huhama kutoka mapajani kwenda tumboni, presha hupanda na kolesteroli hubadilika, kwa hiyo matatizo mawili hugonga mlango pamoja. Wanaume huchelewa, kisha hawapimwi. Duniani, takriban mwanamke 1 kati ya 3 na mwanamume 1 kati ya 5 waliovuka miaka 50 watavunjika mfupa kwa sababu ya osteoporosisi. Mwanamume akivunjika nyonga, uwezekano wa kufariki mwaka unaofuata ni mkubwa kuliko wa mwanamke.

Nikipunguza uzito mifupa yangu itaimarika?

Hapa ningependa usome pole pole, maana ushauri mzuri unaweza kuumiza ukifuatwa nusu.

Kupunguza kitambi kunashusha sukari, presha na mafuta ya damu. Mzee mnene anayepungua pia hutembea vizuri zaidi na magoti yake hupumzika. Lakini mwili unaopungua kwa kula kidogo tu haupotezi mafuta peke yake. Unapoteza misuli na mfupa pia, kwa sababu mzigo umepungua na chakula cha kujenga kimepungua.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ambao ulifuatilia wazee 107 wenye unene kwa mwaka mmoja. Waliopunguza chakula pekee walipoteza asilimia 2.6 ya madini ya mfupa wa nyonga. Waliopunguza chakula na kufanya mazoezi walipoteza asilimia 1.1. Waliofanya mazoezi bila kupunguza chakula waliongeza asilimia 1.5, ingawa uzito wao haukushuka. Mwaka 2017 ukatoka utafiti mwingine wa wazee 160, safari hii ukilinganisha aina za mazoezi kwa watu wote wanaopungua. Waliofanya mazoezi ya pumzi tu, kama kutembea kwa kasi, walipoteza karibu asilimia 3 ya madini ya nyonga. Waliofanya ya kunyanyua uzito walipoteza asilimia 0.5 tu, waliochanganya yote mawili walipoteza kama asilimia 1, na hao waliochanganya ndio waliopata wepesi wa mwili kuliko wote.

Kwa hiyo pungua, lakini taratibu, ukiwa na protini ya kutosha na mazoezi ya nguvu tangu wiki ya kwanza, si baada ya kilo kuisha. Mzee mwembamba mwenye sukari, ambaye kiuno chake kiko sawa, hahitaji kupungua hata kilo moja, anahitaji misuli. Na mzee anayepungua bila kukusudia apelekwe hospitali.

Sindano mpya za kupunguza uzito na upasuaji wa tumbo je?

Sindano za kundi la semaglutidi hushusha uzito kwa kupunguza hamu ya kula, na sehemu ya uzito unaopotea ni misuli. Tahadhari ni zilezile za juu, na kwa mzee zinahitaji mkazo zaidi kwa sababu asiyesikia njaa hasikii pia hamu ya protini. Upasuaji wa kupunguza au kupitisha pembeni tumbo huleta upotevu mkubwa zaidi wa mfupa, hasa ule wa kupitisha chakula pembeni, kwani kalsiamu na vitamini D hazifyonzwi kama zamani. Anayefanyiwa anapaswa kupimwa mifupa na kutumia virutubisho maisha yake yote.

Dawa ninazomeza zinaweza kuwa zinadhoofisha mifupa?

Baadhi ndiyo, nyingi hapana. Usiache dawa yoyote kwa sababu ya kusoma hapa. Chukua vifurushi vyote, weka kwenye mfuko, nenda navyo kliniki.

Metformini, dawa ya kisukari, haidhuru mfupa. Ila ikitumiwa miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu huo huleta ganzi ya miguu na kuvuruga mizani ya mwili, hivyo B12 ipimwe mara kwa mara. Pioglitazoni na ndugu yake rosiglitazoni, nazo za kisukari, huongeza kuvunjika kwa mifupa, hasa kwa wanawake, ambao hatari yao hupanda karibu mara mbili. Mwanamke aliyevuka hedhi na mwenye mifupa dhaifu ana sababu ya kuuliza kama ipo mbadala. Katika kundi la dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, kanagliflozini iliwahi kuonyesha ongezeko la kuvunjika katika utafiti mmoja mkubwa.

Insulini na dawa za kundi la glibenklamidi hazili mfupa. Hatari yake ni sukari kushuka mno, mtu akapata kizunguzungu au kuzimia akaanguka. Kwa mzee dhaifu, mwenye magonjwa mengi, sukari ya kubana sana haina faida ya kutosha kulipia hatari hiyo. Miongozo huruhusu kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, kifike karibu asilimia 8.

Dawa za presha za kundi la thiazidi, mfano hidroklorothiazidi, huzuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo na zimehusishwa na kuvunjika nyonga kwa uchache. Furosemidi, dawa ya kukojoza, hufanya kinyume, hutoa kalsiamu. Statini, dawa za kolesteroli, hazina ubaya kwa mifupa.

Adui mkubwa kuliko zote ni steroidi kama prednisoloni zikitumiwa miezi mitatu au zaidi. Zinapandisha sukari na presha, zinajaza tumbo mafuta, na zinakula mfupa kwa kasi. Vidonge vya maumivu ya viungo visivyo na jina wala maelezo vimewahi kukutwa vimechanganywa na steroidi, kwa hiyo kama dawa ya kuuziwa mkononi inaondoa maumivu kwa muujiza, iogope. Wala usiikatize ghafla ukiwa umeitumia muda mrefu. Mwambie daktari akupunguzie hatua kwa hatua.

Kwa nini madaktari wa mifupa wanasisitiza sana kuanguka?

Kwa sababu mfupa dhaifu unaolala kitandani hauvunjiki. Mwenye sindromu ya kimetaboliki ana njia nyingi za kuanguka: ganzi miguuni, macho yaliyoguswa na sukari, misuli iliyonyong’onyea, dawa za presha, na safari za msalani usiku.

Chukua safari hiyo moja. Ni saa nane usiku, mzee ameamshwa na mkojo kwa sababu sukari iko juu au amemeza dawa ya kukojoza jioni. Anainuka ghafla, damu inabaki miguuni, presha inashuka, kichwa kinazunguka. Taa haijawashwa. Nyayo zenye ganzi hazihisi ukingo wa zulia. Hapo hata mfupa wa wastani una kazi. Dawa ya kukojoza inaweza kuhamishiwa asubuhi. Mzee anaweza kuzoeshwa kukaa ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili akichezesha nyayo kabla ya kusimama. Taa ndogo iachwe ikiwaka njia nzima, zulia liondolewe, na kishikio kifungwe karibu na choo. Haya yanagharimu kidogo kuliko kitu chochote kitakachofanywa baada ya nyonga kuvunjika. Kati ya wazee 5 waliovunjika nyonga, takriban 1 hufariki ndani ya mwaka, na wengi wanaobaki hawarudii kutembea kama mwanzo.

Omba pia presha ipimwe ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama dakika moja na dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, dawa zinahitaji kuangaliwa upya.

Mazoezi gani hasa? Mimi natembea kila asubuhi.

Endelea kutembea, sukari na presha yako zinakushukuru. Kwa mifupa kutembea peke yake hakutoshi, na kuogelea au kuendesha baiskeli kunasaidia mfupa kidogo sana kwa vile uzito wa mwili umebebwa na maji au kiti. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wapate dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na mazoezi ya mizani yaliyochanganywa na nguvu angalau siku 3.

Anza na kiti. Chagua kigumu, kisicho na magurudumu, kiegemee ukuta. Kaa mbele kidogo, nyayo chini ya magoti, mikono kifuani, inama kidogo mbele halafu simama bila kujisukuma kwa mikono. Rudi chini polepole, usijitupe. Hilo ni zoezi na pia ni kipimo: kusimama na kukaa mara 5 kukizidi sekunde 15, misuli imedhoofika. Ukiweza seti mbili za mara 10 bila kuhema sana, shika chupa ya maji kila mkono. Baadaye ongeza uzito. Zoezi lisiloongezeka ugumu huacha kujenga.

Kwa mizani, simama karibu na meza, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, vidole vya mkono vikiwa juu ya meza tayari kushika.

Aliyekwisha kuvunjika pingili za mgongo asiiname mbele kwa nguvu wala kujipinda akiwa amebeba kitu. Huyo aanze na mtaalamu wa tiba ya viungo. Na mwenye insulini apime sukari kabla ya mazoezi.

Nile nini ambacho ni kizuri kwa sukari na kwa mifupa?

Protini kwanza, maana ndiyo inayosahaulika. Wazee wengi wanahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, igawanywe katika milo yote badala ya kusubiri mlo wa jioni. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Kalsiamu inayotakiwa ni miligramu 1,200 kwa siku kwa wanawake waliovuka miaka 50 na kwa kila mtu aliyevuka 70. Kikombe cha maziwa kina kama 300, na maziwa yaliyoondolewa mafuta yana kalsiamu ileile, kwa hiyo anayehofia mafuta hana sababu ya kuacha maziwa. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari na mboga za majani huongezea. Mchicha una kalsiamu nyingi lakini sehemu kubwa imefungwa na kemikali inayoizuia kufyonzwa, usiutegemee peke yake. Vidonge vya kalsiamu ni vya kujazia pengo. Jumla ya chakula na vidonge isizidi miligramu 2,000.

Vitamini D nimeze tu bila kupima?

Miaka 70 kwenda juu, vipimo vya kimataifa (IU) 800 kwa siku ni kiasi salama na cha kawaida. Usitarajie miujiza kama huna upungufu: utafiti wa VITAL wa Marekani, uliohusisha watu zaidi ya 25,000, ulionyesha mwaka 2022 kwamba IU 2,000 kwa siku havikupunguza kuvunjika kwa mifupa kwa watu wa kawaida ambao hawakuchaguliwa kwa upungufu. Mwenye upungufu halisi, mtu mnene asiyetoka nje, au anayeanza dawa za osteoporosisi, hali yake ni nyingine. Dozi kubwa mno ya mara moja kwa mwaka iepukwe. Katika utafiti wa wanawake wazee iliongeza kuanguka na kuvunjika.

Dawa za osteoporosisi zinaharibu sukari?

Hapana. Alendroneti na nyingine za kundi lake, pamoja na denosumabu, hufanya kazi kwa wenye kisukari kama kwa wengine. Figo ndizo za kuangalia, kwa kuwa kisukari na presha huzichosha, na alendroneti haifai zikishuka sana. Humezwa asubuhi kabla ya kitu chochote, kwa maji matupu glasi nzima, kisha mtu asilale kwa angalau nusu saa, la sivyo huunguza koo. Sindano ya denosumabu ni kila miezi 6 na haisubiri: ukiichelewesha au kuiacha bila dawa ya kuipokea, mfupa huliwa kwa kasi na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa pamoja.

Dalili gani zisisubiri tarehe ya kliniki?

Maumivu makali ya mgongo yaliyoanza ghafla, hata kama hukuanguka, labda uliinua ndoo tu au ulikohoa. Kimo kilichopungua sentimita 4 ukilinganisha na ujana wako, au mgongo unaopinda mwaka hadi mwaka. Maumivu ya kinena au paja baada ya kuanguka, hata kama mzee bado anajikongoja, kwa sababu nyonga inaweza kuwa na ufa usioonekana kirahisi kwenye picha ya kwanza. Na mguu wa mwenye kisukari uliovimba, mwekundu na wa moto bila kidonda wala maumivu ya maana: hapo mifupa ya wayo inaweza kuwa inavunjika na kubomoka kimyakimya. Asiukanyagie, apelekwe siku hiyohiyo.

Baba ana miaka 82. Kuna maana ya kuanza sasa?

Ipo, na matokeo kwake yanaweza kuonekana mapema kuliko kwa kijana. Misuli ya mtu wa miaka 80 na 90 bado huitikia mazoezi ya nguvu ndani ya wiki chache. Mfupa huenda taratibu zaidi, hauonyeshi mabadiliko kwenye DXA kabla ya mwaka au zaidi, lakini uwezo wa kutoanguka hauusubiri mfupa. Kwa umri wake nisingeanza na mizani ya kilo. Wiki hii ondoa zulia na uweke taa. Ziara ijayo mpeleke na dawa zake zote, uombe presha ya kusimama, figo, B12 na maoni kuhusu nyonga. Na kesho asubuhi, akimaliza chai, msogezee kiti ukutani, umwombe asimame bila kushika.